Majivu Hayatiwi Maji

Watu wengi hustaafu wakiwa na mvi na maumivu ya mgongo. Mimi nina miaka thelathini na tatu, mgongo wangu ni mzima, na barua yangu ya kuacha ukatekista ilisomwa kanisani Jumapili iliyopita, katikati ya tangazo la ndoa na tangazo la mbuzi aliyepotea. Mbuzi aliulizwa maswali mengi kuliko mimi. Wiki ijayo naanza kufundisha historia katika sekondari moja kule Shelui, na ufunguo wa kigango utabaki kwa Anita na Deo, makatekista wapya. Haya nayaandika kwa ajili yao wawili, na kwa yeyote atakayewafuata.

Kigango chetu kiko mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Mtinko. Ni kanisa dogo la kijiji, chini ya parokia, na padre hutufikia mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu. Siku nyingine zote anayesimama mbele ni katekista. Kazi hii mimi siihesabu kwa miaka. Naihesabu kwa Kwaresima, kwa sababu ndicho kipindi ambacho watu huona mambo ya ajabu kanisani na kutaka kujua yametoka wapi. Nimehudumu Kwaresima tisa. Nane nitazipitia haraka. Moja nitaieleza yote, hata pale ninapoona aibu.

Niliingia kwenye kazi hii kwa ubishi. Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya historia na bila ajira, nimekaa benchi la nyuma, nikimsikiliza katekista wetu wa wakati huo, Mzee Ntandu, akisema Kwaresima ni siku arobaini. Baada ya ibada nikamfuata mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimehesabu kwenye kalenda. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi mkesha wa Pasaka ni siku arobaini na sita."

"Umehesabu na Jumapili?"

"Ndiyo."

"Umezihesabu za nini? Jumapili tunakumbuka ufufuko, hatufungi. Toa hizo sita." Akanitazama kwa muda. "Wewe binti wa nani?"

Nikamtajia.

"Njoo Jumamosi saa nane. Watoto wa kipaimara wananiuliza mambo kama hayo, na sikio langu moja limeshachoka."

Nilimwambia mapema kwamba mambo mengi siyaamini mpaka nione ushahidi, na mengine hata nikiuona. Akasema basi tutakuwa na mengi ya kuzungumza njiani. Sharti lake lilikuwa moja tu: mtoto akiuliza kwa nini tunafanya jambo fulani, nisimjibu kwamba ni desturi. "Mwambie lilianzia wapi na lina maana gani. Kama hujui, sema hujui, halafu nenda ukatafute." Nililipenda sharti hilo. Lilinifaa kama viatu vilivyoshonwa kwa mguu wangu.

Vifaa vya kazi mtavikuta vilevile nilivyovikuta: rimu ya gari tunayoigonga kama kengele, ubao mweusi ambao kona yake moja haishiki chaki, mabenchi manne yaliyo mazima na mawili yanayohitaji mtu mwepesi, na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, la kutunzia majivu. Kopo hilo lilipokelewa na Mzee Ntandu kutoka kwa katekista aliyemtangulia. Lishikeni vizuri.

Maswali nayo yatawakuta. Mtaulizwa kwa nini ngoma zinafungiwa stoo na Aleluya inaachwa kuimbwa. Semeni ukweli: huo ni wimbo wa shangwe, na Kanisa la zamani liliuweka kando ili watu wausikie upya usiku wa Pasaka. Mtaulizwa kuhusu rangi ya zambarau, kuhusu Njia ya Msalaba. Hapo elezeni juu ya mahujaji waliotembea Yerusalemu wakifuata njia aliyopita Yesu, na jinsi watu wasioweza kusafiri walivyoijenga njia hiyo kwenye kuta za makanisa yao. Vituo vyetu kumi na vinne ni vibao vya mbao vilivyopigwa misumari. Cha saba kinaanguka kila mwaka. Kituo cha saba ndicho ambacho Yesu anaanguka mara ya pili, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kukiongezea msumari.

Swali gumu kuliko yote la mwaka wangu wa kwanza lilikuwa la nyama. Nilieleza kwamba Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama kwa sababu ndiyo siku aliyokufa Bwana, na nyama tangu zamani ni chakula cha sherehe. Binti mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nyumbani kwetu nyama tunaiona Krismasi. Ijumaa tuache nini?"

Nikamwambia sijui, nitatafuta. Mzee Rajabu, mwenye bucha pale mnadani, ambaye ni Mwislamu na jirani yetu, alikuwa na jibu alipolisikia swali hilo.

"Mwambie aache kusengenya. Hiyo ipo kila nyumba, kila siku." Kisha akacheka. "Nyinyi Mwalimu, mfungo wenu mnakula mchana, mnakunywa maji mchana. Mnachofunga hasa ni nini, milango?"

"Bucha lako, Mzee Rajabu."

"Hilo kweli. Wakirudi kula nyama unitumie salamu."

Lile la kusengenya niliwarudishia watoto kama lilivyo, bila kumtaja aliyelitoa. Miaka mitatu baadaye ningetamani kijiji kizima kingekuwa darasani siku ile.

Sasa majivu. Mwaka wa nne miguu ya Mzee Ntandu ilikataa, akabaki nyumbani, na Kwaresima ikawa yangu peke yangu. Majivu ya Jumatano hutoka kwenye matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Waumini hukaa nayo nyumbani, kisha wiki moja kabla ya Kwaresima huyarudisha, katekista huyachoma, na padre huyabariki majivu. Maana yake ni nzuri: tawi lile ulilopunga ukiimba Hosana ndilo linakuwa vumbi la toba yako. Ila huku kwetu tawi likishawekwa juu ya mlango halitoki kwa urahisi. Watu huamini linalinda nyumba dhidi ya radi na macho mabaya. Mwaka ule mimi, mwenye shahada, nilisimama mbele nikasema tawi si hirizi na anayeligeuza hirizi hajaelewa chochote.

Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyeleta. Nilipata matawi kumi na moja.

Bibi Skola aliniambia usoni. Alikuwa mjane wa miaka kama sabini, kiongozi wa jumuiya yetu, yaani kundi la familia jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. "Mwalimu, langu silitoi. Mume wangu alilifunga pale kwa mkono wake kabla hajafa. Ukitaka majivu, kuni zipo kila jiko."

Niliona kama amenipa wazo. Matawi kumi na moja yalitoa majivu ya kujaza kifuniko cha kopo. Kanisa letu hujaa watu mia na zaidi siku hiyo. Nikaenda jikoni kwa mama yangu, ambako tulikuwa tumechoma mashina makavu ya alizeti yaliyobaki tangu mavuno, nikachota majivu yake mepesi, nikachekecha, nikachanganya na unga wa mkaa yapate weusi. Padre akayabariki bila kuuliza. Kosa la pili ni hili: mwaka uliotangulia majivu makavu yalikuwa yamepeperushwa na upepo wetu wa Singida kabla watu hawajatoka nje ya mlango, na wengi walilalamika. Nikasoma mahali kwamba yanaweza kulowanishwa kidogo. Jumanne asubuhi nikatia maji. Si kidogo. Nikayaacha bakulini mpaka kesho yake yashikane.

Mama wa nyumba yoyote kijijini kwetu angenizuia. Wote wanajua majivu ya alizeti yakitiwa maji yanatoa nini, kwa sababu ndivyo wanavyopata magadi ya kupikia mlenda: majivu ndani ya chungu chenye matundu, maji juu, na yale yanayodondoka chini ni makali. Mimi nilikuwa bweni tangu kidato cha kwanza. Nilikuwa nimekula mlenda maisha yangu yote bila kuuliza unalainishwa na nini. Mtu aliyejisifu kuuliza kila kitu hakuwahi kuuliza jikoni.

Jumatano ile Bibi Skola alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kama kawaida ya viongozi wa jumuiya. Majivu bakulini yalikuwa yamejitenga, maji juu na tope chini, na kidole gumba changu kilichovya juu. Nikamchora msalaba kwenye paji la uso. "Kumbuka wewe ni mavumbi." Tope lilizidi kukauka kadiri mstari ulivyosonga. Watu walirudi nyumbani, wengi wakanawa mapema kwa sababu ngozi iliwawasha. Bibi Skola hakunawa. Yeye alikuwa wa kizazi kinacholala na majivu yake mpaka asubuhi.

Alhamisi asubuhi ngozi ya kidole gumba changu ilianza kuchubuka. Ijumaa, kwenye Njia ya Msalaba, Bibi Skola aliingia akiwa na msalaba mwekundu kwenye paji la uso, umevimba, umetoa malengelenge. Watu walimpisha njia kuliko ilivyohitajika. Kwenye kituo cha tano tayari nilisikia benchi la nyuma yangu likinong'ona kwamba majivu yamemkataa, kwamba ana jambo hajalitubu.

Nilikuwa na kidole kilichochubuka. Nilikizungushia ncha ya kitenge na nikaendelea kuongoza sala.

Jumapili mchana nilienda kwake. Nilijiambia naenda kumpa pole. Nilimkuta jikoni, peke yake, na hilo peke yake lilinishtua, kwa sababu wajukuu wake watatu hawakuwahi kukosekana pale saa za kula.

"Shikamoo, bibi. Watoto wako wapi?"

"Marahaba. Mama yao amewazuia." Mama yao, Mama Joi, ni mke wa mwanawe, wanaishi boma la pili. "Anasema wasubiri kwanza. Sijui anasubiri nini. Na jumuiya wamesema wiki hii tusali kwa mwenyekiti wa kigango, tusisali kwangu."

Kando ya jiko kulikuwa na chungu chenye matundu, kinadondosha maji ya rangi ya chai ndani ya bakuli. Nikanyoosha mkono kusogeza bakuli lisimwagike.

"Usiguse! Itakubabua. Hayo ni magadi, mwanangu. Ya alizeti ni makali kuliko ya maharage."

Nilibaki mkono hewani. Yeye hakuona, alikuwa anakoroga.

"Mwalimu, umekuja vizuri," akasema. "Wewe umesoma. Nisaidie kutafuta. Nimekaa nikirudi nyuma, mwaka kwa mwaka. Nimefika mpaka usichana wangu. Nilimficha mama yangu jambo moja, nilimnyima wifi yangu mbegu mwaka wa njaa. Nimeshamwambia padre hayo yote zamani. Kuna moja nimeisahau, na Mungu ameniandikia usoni ili niikumbuke. Ni ipi?"

Mama huyo alikuwa anatafuta dhambi yake mbele yangu, huku dhambi yenyewe ikidondoka tone kwa tone kando ya goti lake. Na mimi nilisema, "Tusali, bibi." Tukasali. Nikaaga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja kwa Mzee Ntandu. Alisikiliza akiwa amelala, jicho moja limefumba.

"Maji nani alikuambia?"

"Nilisoma."

"Na alizeti?"

"Hiyo nilibuni."

Akalifumbua lile jicho. "Ulivyokuwa chuo, walikufundisha zamani majivu walikuwa wanapakwa nani?"

Nilijua. Nilikuwa nimeifundisha mwenyewe. Katika Kanisa la mwanzo majivu hayakuwa ya wote. Waliopakwa ni wale waliotenda makosa makubwa yanayojulikana na watu. Wakavaa magunia, wakatolewa nje ya kusanyiko, wakarudishwa Alhamisi Kuu. Baadaye waumini wengine, wasiodaiwa kosa lolote la hadharani, wakaanza kuinamisha vichwa vyao pamoja nao, mpaka ikawa kila mtu, na padre na askofu. Hiyo ndiyo maana ya mstari ule mrefu wa Jumatano: hakuna anayenyooshewa kidole kwa sababu wote wana alama.

"Basi umeturudisha kule mwanzo," akasema. "Mtu mmoja nje, wengine ndani."

"Nifanye nini, mzee?"

"Mbona unaniuliza mimi? Mimi sijaungua."

Ilinichukua siku tano zaidi. Sina maelezo mazuri ya siku hizo tano. Nilihofia watu wasinisikilize tena. Nilikuwa nimewaambia matawi yao si hirizi, halafu mimi nimepeleka jivu la jikoni kwa padre na kuunguza mabibi wa watu. Katika siku hizo nilianza kugundua kitu kingine. Wanawake walikuwa wanafunga vilemba chini, karibu kufikia nyusi. Mzee Filipo, mwalimu wa kwaya, alikuwa na plasta kwenye paji la uso na alimwambia kila aliyemwangalia kwamba amejigonga mlangoni.

Ijumaa ya pili, baada ya kituo cha kumi na nne, niliwaomba watu wasitoke. Bibi Skola alikuwa ameketi benchi lake, na pande zote mbili za benchi hakukuwa na mtu. Nilifungua kitenge nikainua kidole gumba juu.

Nilisema yote kwa mpangilio: matawi kumi na moja, alizeti ya jikoni, maji ya Jumanne. Nilisema majivu hayakumkataa mtu. Aliyekosea ni mimi, na nilijua tangu Jumapili, na nilinyamaza wakati bibi yenu akijitafutia kosa. Nikaeleza habari ya wale wa zamani waliotolewa nje. Nikasema anayetaka mtu wa kumpisha njia, anipishe mimi.

Kisha Mzee Filipo akasimama. Akabandua plasta taratibu, huku akikunja uso, na chini yake kulikuwa na msalaba mwekundu.

"Mlango wangu hauna kosa," akasema.

Kuna aliyecheka. Kisha mwanamke mmoja akasukuma kilemba chake juu, na mwingine. Wengine walikuwa na wekundu hafifu, wengine ngozi iliyobanduka. Hesabu sikufanya. Kila mmoja wao alikuwa amejificha kwa kuogopa kuwa wa pili baada ya Bibi Skola. Wa mwisho alikuwa Mama Joi. Alifungua fundo la kilemba chake polepole, na alama yake ilikuwa kubwa karibu kama ya mama mkwe wake. Akatoka kwenye benchi lake, akaenda akaketi kando ya Bibi Skola, akainamisha kichwa. Bibi Skola alilamba kidole chake akamfuta Mama Joi chokaa ya ukuta iliyokuwa begani.

Maneno yake aliniwekea mimi, pale nje.

"Siku tisa, Mwalimu."

"Nisamehe, bibi."

"Siku tisa nimetafuta. Dhambi tatu nilizozisahau nimezipata kweli, lakini hata zikijumlishwa hazifiki ukubwa ule." Akanitazama paji la uso langu, ambalo lilikuwa safi, kwa sababu mimi mwenyewe nilijipaka mwisho, tope likiwa limeshakauka. "Kukusamehe nitakusamehe. Ila na mimi nina langu. Ungeuliza. Sisi wote hapa tungekuambia."

Jumamosi iliyofuata wajukuu wake walipita mbele ya darasa langu wakikimbia, wana sahani mikononi, wakielekea boma lake.

Mwaka uliofuata matawi yalirudi, mengi mpaka nikakosa pa kuyaweka. La Bibi Skola alilileta mwenyewe, limekauka mpaka rangi ya udongo, na kamba ya mkonge aliyoifunga mumewe bado ipo. Alikaa karibu nikilichoma, akahakikisha hakuna kingine kinachoingia kwenye moto. Jumatano akawa wa kwanza kwenye mstari. Kabla hajainamisha kichwa akauliza kwa sauti iliyofika nyuma ya kanisa:

"Makavu?"

"Makavu, bibi."

"Haya. Weka."

Kanisa zima lilicheka, jambo ambalo halipo kwenye kitabu cha ibada cha siku hiyo. Mwaka uliofuata akauliza tena. Na mwingine. Watoto waliozaliwa mwaka wa alizeti sasa wanadhani swali hilo ni sehemu ya ibada, kama "Bwana awe nanyi."

Mwaka huu Bibi Skola hakuja. Goti limemzidi, na Komunyo nampelekea nyumbani. Nilisimama na kopo nikiangalia nani ataanza mstari, na watu walisitasita, kila mmoja akimsogeza mwenzake. Ndipo Mama Joi akatoka benchi la pili akaja mbele. Alama yake haionekani tena ila ukijua mahali pake. Akasimama mbele yangu, hakuinama.

"Makavu?"

Nyuma yake Anita alikuwa amekaa na watoto wa kipaimara, na mmoja wao, binti mdogo mwenye kaptula ya shule chini ya gauni, akamvuta mkono akamuuliza kitu sikioni. Najua alichouliza. Anita akaniangalia mimi, macho yakiomba msaada.

Anita, jibu ni hili lote uliloshika mkononi. Usimwambie ni desturi.

"Makavu, mama," nikasema, na nikachovya kidole.